Sari: Kitambaa kisicho na mshono kinacholisha mkulima, mfumaji na mchuuzi

Na MWANDISHI WETU

UKIMWONA mwanamke wa Kihindi akipita mjini Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam amevaa sari, huenda ukadhani vazi hilo limeshonwa na fundi hodari likamkaa sawasawa. Sivyo. Sari ni kipande kimoja kirefu cha kitambaa, hakina kifungo, hakina zipu wala mkono. Kinachokifanya kiwe vazi ni mikono ya anayekivaa.

Ufundi huu wa kuzungusha, kukunja na kuchomeka umeshikilia riziki ya mamilioni ya watu nchini India. Nyuma ya kila sari kuna mkulima wa pamba au wa miforosadi, mfugaji wa viwavi wa hariri, mpaka rangi, mfumaji, dalali, mwenye duka, fundi cherehani na mpiga pasi. Hata sari ikichakaa, kuna mchuuzi anayeipitia nyumbani akiwa na sufuria mpya kichwani.

Sensa ya wafumaji wa mkono iliyofanywa India mwaka 2019-2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3.5 wanaofuma au kufanya kazi zinazoambatana na ufumaji, na zaidi ya asilimia 70 ya wafumaji ni wanawake. Si wote wanaofuma sari, lakini sari ndiyo bidhaa kubwa ya vitanda vya mfumi nchini humo.

Hata hivyo, mnyororo huu wote unategemea jambo moja dogo: kuwa na mwanamke anayejua kuivaa. Siku hizi vijana wengi wa mijini nchini India huvaa suruali na blauzi au kanzu fupi kila siku, na sari hutolewa kabatini wakati wa harusi na sikukuu. Wengine hawajui kujifunga bila kumwita mama au shangazi. Kila sari inayobaki kabatini ni oda moja iliyopungua kwa mfumaji na kilo kadhaa za vifukofuko zilizokosa mnunuzi.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa mkulima na mchuuzi wa Afrika Mashariki.

Mita tano na nusu

Anayefahamu kanga hatapata taabu kuielewa sari. Kanga ina pindo linalozunguka na mji katikati. Sari nayo ina pindo refu juu na chini, na mji wenye rangi moja au maua madogo madogo. Tofauti ni kwamba upande mmoja wa mwisho hupambwa kuliko sehemu nyingine zote. Upande huo huitwa palu, na ndio unaotupwa begani ili watu wauone.

Sari ya kawaida ina urefu wa mita tano na nusu hivi, na upana wa zaidi kidogo ya mita moja. Nyingi huuzwa na kipande cha ziada cha sentimita 80 hivi cha kushonea blauzi. Zile ndefu, za yadi tisa, hufika mita nane na zaidi.

Urefu huo si wa bure. Mzunguko wa kwanza kiunoni hula takriban mita moja. Marinda sita au saba, kila moja la upana wa kiganja, hula mita moja na nusu. Mzunguko wa pili hula mita nyingine, na kinachobaki hupanda kifuani, hupita begani na kuning'inia nyuma. Kwa hivyo mfumaji anayepunguza hata nusu mita ili kuokoa uzi huharibu vazi zima, kwani marinda yatapungua au palu itakuwa fupi.

Jinsi ya kujifunga

Mtindo unaovaliwa zaidi siku hizi huitwa nivi, na asili yake ni eneo la Andhra, kusini mwa India. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, mvaaji huvaa blauzi inayombana na gaguro lenye kamba. Kamba hufungwa imara, kwa sababu uzito wote wa sari utaning'inia hapo. Kama atavaa viatu vyenye visigino, huvivaa kabla ya kuanza, la sivyo pindo la chini litakuwa juu mno.

Pili, huchukua ule upande usiopambwa, akauchomeka ndani ya gaguro karibu na kitovu, kuelekea kulia. Kisha huzungusha kitambaa kwenda kushoto, nyuma, hadi kinarudi mbele, huku akichomeka ukingo wa juu. Pindo la chini linapaswa kukaribia kugusa sakafu kila upande.

Tatu, hupima palu. Huchukua ule upande uliopambwa, akaupitisha chini ya mkono wa kulia, kifuani, hadi bega la kushoto, na kuuacha uning'inie nyuma mpaka usawa wa magoti au zaidi. Huubana hapo kwa pini.

Nne, kitambaa kinachobaki kikilegea mbele ndicho cha marinda. Hukikunja mbele na nyuma kati ya vidole, rinda juu ya rinda, yote yakiwa na upana mmoja. Huyasawazisha, akayashika kama bunda, na kuyachomeka kiunoni yakitazama kushoto. Mtu mwenye mazoea humaliza kazi yote kwa dakika chache. Anayejifunza anaweza kuhangaika nusu saa, marinda yakimponyoka.

Kitambaa nacho huamua mengi. Pamba iliyotiwa wanga hushika marinda vizuri lakini hujikunja mtu anapoketi. Hariri nzito hukaa ilivyopangwa. Sari nyepesi ya nailoni au ya poliesta huteleza na huhitaji pini nyingi. Ndiyo maana muuzaji mzuri wa sari humuuliza mteja kwanza ataivaa wapi na kwa muda gani, kabla ya kumfungulia robota.

Kila kazi na mfungo wake

Wengi hudhani sari ni vazi la watu wasiotoka jasho. Ukweli ni kwamba mitindo mingi ilizaliwa shambani na sokoni.

Katika jimbo la Maharashtra, wanawake wa vijijini na wauza samaki wa jamii ya Koli wamevaa kwa miaka mingi sari ya yadi tisa, ambayo hupitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma kama suruali. Haihitaji gaguro. Mvaaji anaweza kuinama kupandikiza mpunga, kupanda mtumbwi au kubeba kapu la samaki bila nguo kumzuia.

Kwa wakazi wa Kodagu, eneo la milima linalolima kahawa na pilipili manga, marinda huwekwa nyuma badala ya mbele. Gujarat, palu hutoka nyuma ikapita bega la kulia na kutandazwa kifuani, ili mapambo yake yaonekane mbele. Mtindo wa kale wa Bengal hauna marinda ya mbele, na mwenye nyumba alikuwa akifunga funguo za ghala kwenye ncha ya palu na kuitupa begani. Mwenye funguo alijulikana bila kuuliza.

Mtafiti Rta Kapur Chishti aliwahi kuzunguka majimbo ya India na kuandika kitabu kinachoonyesha mitindo 108 ya kuvaa sari na nguo za namna yake. Baadaye alianzisha mafunzo mjini Delhi ya kuwafundisha watu mitindo hiyo. Hata blauzi na gaguro, vinavyoonekana leo kuwa sehemu ya vazi hilo tangu zamani, vilienea miongoni mwa watu wa mjini katika karne ya 19. Anayetajwa sana katika historia hiyo ni Jnanadanandini Devi wa ukoo wa Tagore huko Bengal, aliyeishi Bombay na mumewe, akaiga namna wanawake wa Kiparsi walivyovaa, kisha akaieneza Kolkata.

Kwa maneno mengine, sari imedumu kwa kubadilika.

Hariri huanzia shambani

Turudi sasa kwa mkulima. Sari za bei ya juu hufumwa kwa hariri, na India ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa hariri baada ya China. Jimbo linaloongoza ni Karnataka, kusini.

Mkulima hupanda miforosadi, akavuna majani na kuwalisha viwavi ndani ya banda safi lenye hewa. Kiwavi hula kwa takriban wiki nne, akijivua ngozi mara nne, kisha hujizungushia uzi na kuwa kifukofuko. Uzi wa kifukofuko kimoja unaweza kufika mita 1,000. Hata hivyo, ni mwembamba mno, hivyo nyuzi za vifukofuko kadhaa huunganishwa kupata uzi mmoja wa kufumia. Kwa kawaida huhitajika takriban kilo saba au nane za vifukofuko kupata kilo moja ya uzi.

Faida ya kilimo hiki ni kwamba shamba lililotunzwa vyema na lenye maji hutoa mavuno kadhaa kwa mwaka. Mkulima hasubiri msimu mmoja kama wa pamba. Hasara yake ni kwamba mavuno hayangoji. Kifukofuko kisipokaushwa au kuuzwa kwa siku chache, nondo hutoboa na kutoka, na uzi hukatika. Bila soko la karibu, mkulima yumo mikononi mwa dalali.

Ndiyo maana soko la vifukofuko la Ramanagara, mji ulio kilomita 50 hivi kutoka Bengaluru, lina umuhimu mkubwa. Linasimamiwa na serikali ya jimbo na hutajwa kuwa kubwa zaidi barani Asia. Wakulima hufika na mizigo yao asubuhi, vifukofuko humwagwa kwenye meza ndefu, na wazungushaji uzi hushindana kwa mnada, ambao siku hizi hufanywa kwa njia ya kielektroniki. Bei huonekana na kila mtu.

Hata hivyo, ndani ya mnyororo huu kuna mvutano. Mkulima anataka bei ya vifukofuko ipande, ilhali mfumaji anataka uzi wa bei nafuu. Mwaka 2011 serikali ya India ilipunguza ushuru wa hariri ghafi inayoingizwa nchini kutoka asilimia 30 hadi asilimia 5, hatua iliyowapa nafuu wafumaji waliolemewa na bei ya uzi. Uzi wa China ukamiminika, na wakulima wa Karnataka wakalalamika bei ya vifukofuko ilipoporomoka. Mwaka 2013 ushuru ulipandishwa tena hadi asilimia 15. Kila uamuzi ulimfurahisha mmoja na kumuumiza mwingine.

Wiki tatu kwenye kitanda cha mfumi

Kanchipuram, mji wa jimbo la Tamil Nadu, ni mfano mzuri wa jinsi sari moja inavyokusanya jasho la watu wa mbali. Hariri yake hutoka Karnataka. Zari, yaani uzi unaong'aa kwa fedha na dhahabu, hutoka Surat, jimbo la Gujarat. Wafumaji wa Kanchipuram huviunganisha.

Sari yao husifika kwa pindo lenye rangi tofauti kabisa na mji. Pindo na mji hufumwa kwa pamoja lakini kwa mshindio tofauti, na nyuzi hushikanishwa zinapokutana. Kazi hiyo huhitaji vyano vitatu vya kupitisha uzi, na mara nyingi mfumaji hukaa na msaidizi kando yake. Sari moja inaweza kuchukua wiki mbili, tatu au zaidi. Patola ya Patan, huko Gujarat, ambayo nyuzi zake za mtande na za mshindio hupakwa rangi ya maua kabla ya kufumwa, huchukua miezi, na familia zinazoijua kazi hiyo ni chache mno.

Je, mfumaji hupata nini? Sensa ya 2019-2020 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya kaya za wafumaji nchini India zilikuwa na kipato kisichozidi rupia 5,000 kwa mwezi. Kumbuka kwamba sari ya hariri inayofumwa na watu hao inaweza kuuzwa dukani kwa makumi ya maelfu ya rupia. Mara nyingi mfumaji hana mtaji wa kununua hariri na zari. Tajiri humpa uzi, naye hulipwa ujira wa kufuma tu. Akipata mgonjwa nyumbani hukopa kwa tajiri huyo huyo, na deni humfunga asiweze kuuza kwingine.

Mshindani wake ni mashine. Surat hutoa sari za poliesta zilizochapwa maua, ambazo huuzwa kwa mamia machache ya rupia. Mjini Varanasi, ambako familia nyingi za wafumaji ni Waislamu wa jamii ya Ansari, vitanda vingi vya mkono vimeachwa na mahali pake pakachukuliwa na mitambo ya umeme inayoiga maua yale yale. Mwaka 1985 bunge la India lilipitisha sheria ya kutenga aina kadhaa za nguo, zikiwemo baadhi ya sari, zifumwe kwa mkono pekee. Sheria ingalipo, lakini mfumaji wa mkono ameendelea kuona nakala za kazi yake zikitundikwa dukani kwa bei ya chini.

Si haki kulaumu mashine kwa kila jambo. Mwanamke maskini anayelima kibarua hawezi kununua hariri ya Kanchipuram, na sari ya poliesta hukauka upesi na haihitaji pasi. Tatizo hutokea pale ya mashine inapouzwa kwa jina na bei ya ile ya mkono.

Hatari ya mnunuzi mmoja

Mji wa Sirsilla, katika jimbo la Telangana, unatoa funzo jingine. Mji huo una maelfu ya mitambo ya kufuma, na uliwahi kugonga vichwa vya habari kwa sababu ya wafumaji waliojiua kutokana na madeni na ukosefu wa kazi. Kuanzia mwaka 2017 serikali ya jimbo iliagiza huko sari za kugawia wanawake bure wakati wa sikukuu ya Bathukamma, takriban milioni 10 kila mwaka. Mitambo ikanguruma tena na vibarua wakapata kazi.

Uchaguzi ukaja. Serikali mpya iliyoingia Desemba 2023 haikuendelea na mpango huo kama ulivyokuwa, na mwaka 2024 mitambo mingi ilisimama. Sirsilla ilikuwa imemzoea mnunuzi mmoja na bidhaa moja. Mkulima yeyote aliyewahi kulima zao la mkataba, kisha kampuni ikafunga ofisi, anaijua hali hiyo.

Kinyume chake ni vyama vya ushirika. Tamil Nadu kuna ushirika wa wafumaji unaojulikana kama Co-optex, ulioanzishwa mwaka 1935. Hukusanya kazi za vyama vidogo vya vijijini na kuziuza katika maduka yake yenyewe. Uliwahi kuanza kuambatisha kwenye sari kadi yenye picha ya mfumaji na siku alizotumia, ili mnunuzi ajue fedha zake zinaenda kwa nani. Ushirika nao una matatizo yake, kama tunavyojua sisi wa kahawa na pamba, lakini humpa mfumaji mlango wa pili wa kubisha.

Kumvika mtu kwageuka ajira

Jambo la kuvutia ni kwamba kadiri ujuzi wa kuvaa sari unavyopungua nyumbani, ndivyo unavyozidi kulipiwa sokoni.

Katika miji ya India leo kuna watu ambao kazi yao ni kumvika mteja sari. Huitwa nyumbani au hotelini asubuhi ya harusi, wakiwa na mfuko wa pini na pasi. Dolly Jain wa Kolkata amejipatia jina kwa kazi hiyo, akiwavika mabibi harusi na nyota wa sinema, na anafahamika kwa kujua mitindo zaidi ya 300. Nyuma yake wapo wengi wasiojulikana, hasa wenye saluni ndogo, wanaotoza ada kwa kichwa. Mtaji wao ni mikono na mazoezi.

Kazi nyingine ndogo zimeizunguka sari. Mafundi hushona utepe wa pamba ndani ya pindo la chini, mahali marinda yanapokaa. Utepe huo huongeza uzito ili marinda yaanguke wima, na hulinda kitambaa kisichakae kwa kusugua sakafu. Karibu kila sari mpya huhitaji utepe, kupindwa ncha na kushonewa blauzi. Wengine hukunja marinda mapema na kuyapiga pasi, mteja akija akute kazi nusu imekwisha. Wapo pia wanaoshona sari zilizokwisha kukunjwa, ambazo huvaliwa kama sketi. Wazee hununa, lakini msichana aliyekuwa hanunui sari kabisa sasa hununua.

Mwaka 2015 wanawake wawili wa Bengaluru walianzisha ahadi kwenye mitandao ya kijamii kwamba watavaa sari mara 100 kwa mwaka huo na kusimulia habari ya kila moja. Maelfu wakajiunga. Hawakugharimika matangazo, na kila aliyetimiza ahadi hiyo alitoa sari zake kabatini.

Hata mwisho wa sari ni biashara. Wachuuzi wa mitaani, hasa wa asili ya Gujarat, hupita nyumba kwa nyumba na vyombo vya chuma kisichoshika kutu, wakibadilishana na nguo kuukuu. Sari hizo huenda soko la mitumba, zikashonwa foronya, mapazia na magauni ya watalii, au zikawa vitambaa vya kufutia mashine. Bengal, sari kuukuu za pamba hupangwa tabaka kwa tabaka na kushonwa kwa mkono kuwa blanketi. Tamil Nadu, hutundikwa darini na kuwa pembea ya mtoto.

Usiuziwe nailoni kwa jina la hariri

Kwa mchuuzi wa nguo, kuna mambo machache ya kuangalia kabla ya kutoa fedha.

Chomoa uzi mmoja ukingoni na uuchome. Hariri halisi huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi.

Kwaruza kidogo uzi wa zari kwa ukucha. Ya jadi huwa na kiini cha hariri, aghalabu chekundu, kilichozungushiwa fedha. Ya bandia ni ya plastiki au shaba, na baada ya muda huwa nyeusi.

Geuza sari uitazame nyuma. Ya kufumwa kwa mkono huwa na dosari ndogo ndogo, na nyuzi za maua huonekana upande wa ndani. Ikiwa maua yamechapwa, nyuma huwa na rangi iliyofifia.

Uliza pia alama. India ina nembo ya hariri halisi iliyoanzishwa mwaka 2004, na nembo ya kufumwa kwa mkono iliyoanzishwa mwaka 2006. Isitoshe, majina kama Pochampally, Kanchipuram na Banaras yamesajiliwa kisheria kuwa ni mali ya maeneo yao, chini ya sheria ya mwaka 1999. Anayefuma kwingine haruhusiwi kuuza kwa jina hilo.

Sisi tunajifunza nini?

Vyombo vya Kutch na Gujarat vimeleta vitambaa pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, na hadi leo baadhi ya kanga zinazovaliwa huku huchapwa India. Wakati huo huo, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa haijafumwa. Tunauza uzi mbichi na kununua vazi.

Si kwamba hatuna la kuuza. Kikoi kimesukwa na kufumwa pwani kwa vizazi vingi. Lakini katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno hilo kama nembo yake, ilibidi wanasheria na watetezi wa wafanyabiashara wadogo wakimbilie kulipinga ombi hilo. Kanchipuram haihitaji kukimbia hivyo, kwa sababu jina lilisajiliwa mapema.

Hariri nayo si ndoto. Taasisi ya ICIPE yenye makao jijini Nairobi imefundisha wakulima ufugaji wa viwavi, na Mwingi wakulima waliwahi kukusanya vifukofuko vya nondo wa porini pamoja na asali. Anayetaka kuingia katika kazi hii asianze na miche. Aanze na swali la Ramanagara: nani atanunua vifukofuko vyangu kabla nondo hajatoboa, na bei itaonekana na nani?

Kwa mchuuzi wa kanga, vitenge na vikoi, funzo ni rahisi zaidi. Mteja akijua njia moja ya kuvaa, atanunua doti moja. Akionyeshwa njia tano, atarudi. Mwenye kibanda anaweza kuweka kioo, akamfunga mteja mbele ya wenzake, akamfundisha mkunjo wa kuendea harusini na wa kuendea shambani. Fundi wa saluni anaweza kuongeza kazi ya kuvika mabibi harusi, wakiwemo wa jamii ya Kihindi walio jirani naye, ambao binti zao hawana tena shangazi wa kuwafunga.

Zao la shambani huisha thamani pale matumizi yake yanaposahaulika. India wameanza kuligundua hilo, na ndiyo maana leo kuna mtu anayelipwa kwa kukunja marinda saba.